Tone la Maji Juu ya Karatasi ya Mkate

Oda iliingia Jumanne saa nne usiku, nikiwa nishazima taa. Kurasa 14, siku tatu, fizikia. Kwenye kundi letu la WhatsApp hakuna aliyeigusa. Watu wetu wanapenda uuguzi, historia ya Marekani, insha za biashara, vitu ambavyo mtu anaweza kuandika huku akisonga ugali. Hii ilikuwa ripoti ya maabara ya mwanafunzi wa ng'ambo, kuhusu namna ya kuandaa uso wa plastiki kwa plazma ili mwanga upite ndani ya plastiki hiyo bila kupotea njiani.

Bosi, yaani mwenye akaunti tunayoifanyia kazi, akaandika: "Kuna mtu wa fizikia hapa?"

Nilikaa na simu mkononi kama dakika tano. Kisha nikaandika: "Mimi."

Haukuwa uongo kabisa. Nilisoma fizikia miaka miwili na kitu katika chuo kikuu kimoja cha umma huku bara. Niliacha mwaka wa tatu, baba alipopata kiharusi kule Mombasa na pesa za karo zikageuka pesa za hospitali. Sikufukuzwa, wala sikufeli. Nilibeba begi nikasema nitarudi Januari, na hiyo Januari mpaka leo haijafika. Nikapata bedsita Githurai, nikakopa laptopu ya rafiki, nikaanza kuandikia watu.

Kama hujawahi kuifanya kazi hii, inaenda hivi. Mwanafunzi wa Uingereza au Marekani anatoa dola. Mwenye akaunti anapokea dola. Mimi napokea shilingi 350 kwa ukurasa, kwa M-Pesa, siku ambayo bosi ataamua. Jina langu haliko popote. Nimeandika kuhusu vidonda vya wagonjwa wa kisukari, kuhusu usimamizi wa hoteli, kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na mahali fulani kuna watu wamevaa joho kwa sababu ya hizo kurasa. Nilikuwa nishazoea. Lakini fizikia sikuwa nimeiandika tangu nitoke chuo, na nilipofungua ile oda nilishtuka kama mtu aliyemwona mpenzi wake wa zamani stejini, akiwa bado mzuri.

Nikawasha taa tena.

Njia ya mwanga ni kitu unachoweza kumweleza mtoto. Mwanga hupungua kasi ukiingia ndani ya maji au kioo, na kila kitu kina namba yake ya kuonyesha unapungua kiasi gani. Hewa ni karibu 1, maji ni 1.33, kioo cha kawaida ni kama 1.5. Mwanga ulio ndani ya kitu chenye namba kubwa ukifika mpakani na kitu chenye namba ndogo, tena ukifika kwa mshazari mkali, hautoki. Unarudi ndani wote. Unagonga upande wa pili, unarudi tena, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa njia, hata njia ikikata kona. Miaka ya 1840 huko Geneva, Daniel Colladon aliwaonyesha watu mwanga ukifuata mkondo wa maji uliopinda, ukianguka nao chini kana kwamba umemwagika.

Usiku huo nilitoboa chupa ya maji kwa msumari niliouchoma kwenye gesi, nikaijaza, nikaiweka juu ya ndoo. Nilikuwa na kile kitochi cha leza chekundu ambacho wachuuzi huuza mia. Nikamulika kutoka nyuma ya chupa, nikilenga tundu. Mstari wa maji ukatoka ukapinda, na mwanga mwekundu ukapinda nao mpaka ndani ya ndoo. Saa saba za usiku, peke yangu, nacheka. Jirani akagonga ukuta.

Baba yangu alijua faiba kabla yangu. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini. Kabla ya hapo intaneti yetu ilikuwa inaruka kwenye setilaiti, ghali na ya kusuasua. Baada ya nyaya kufika ufukweni, ilibidi mtu azipeleke mjini, na baba alipata kibarua cha kuchimba mitaro kando ya barabara. Nilikuwa shule ya msingi. Alikuwa akirudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi, nikimuuliza leo mmefanya nini, anasema, "Tumezika mwanga, mwanangu." Nilidhani ni mzaha wake tu. Mwaka huo huo Charles Kao alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi aliyoifanya Uingereza na kuichapisha mwaka 1966. Wakati huo kioo kilikuwa kinameza mwanga kiasi kwamba hakuna aliyekitegemea kwa masafa marefu. Kao na mwenzake George Hockham walisema tatizo ni uchafu uliomo ndani ya kioo, na kwamba kikisafishwa mpaka asilimia 1 tu ya mwanga ibaki baada ya kilomita 1, simu zitaweza kupita humo. Asilimia 1! Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto. Leo kioo cha faiba kinapitisha zaidi ya asilimia 95 kwa kilomita hiyo hiyo.

Lakini oda yangu ilihusu plastiki.

Plastiki haiwezi kushindana na kioo kwa umbali. Faiba ya akriliki humeza mwanga kiasi kwamba huwezi kuitandaza kutoka Mombasa hadi Fujairah, ambako TEAMS inaishia. Hata kilomita moja ni nyingi kwake. Ila kuna kazi zinazohitaji sentimita chache tu: kupeleka mwanga kutoka kidude kimoja kwenda kingine juu ya bodi ya kompyuta, au ndani ya kipimo kidogo cha damu, au kwenye kihisi kinachobandikwa kwenye ngozi na kinachopaswa kujikunja na mkono. Hapo kioo ni kigumu mno, na plastiki inamwagwa kwenye umbo kama jeli, inaganda, inatolewa. Mojawapo inaitwa PDMS. Ni ndugu wa ile silikoni laini ambayo mafundi huzibia sinki na madirisha. Inapitisha mwanga vizuri, inanyumbulika, haina makuu.

Shida yake iko usoni. PDMS haipendi kushikana na kitu. Ukiweka tone la maji juu yake, tone linasimama kama shanga, likigusa kidogo tu pale chini. Ukipima pembe kati ya uso na ukingo wa tone unapata kama digrii 110. Ni kama maji kwenye sufuria yenye mafuta. Na kutengeneza njia ya mwanga kunataka tabaka mbili, moja ya ndani inayobeba mwanga na nyingine ya nje yenye namba ndogo zaidi ya kuufungia. Kwa kawaida unachonga mfereji kwenye tabaka la nje, unamwaga plastiki ya ndani ikiwa majimaji, kisha unafunika. Sasa kama mfereji wenyewe unakataa majimaji, yanajikusanya vitonevitone, yanaacha viputo, kingo zinakuwa za mawimbi. Baada ya kukauka tabaka zinabanduka kama stika. Mwanga ukifika penye kiputo unatawanyika, na ukishatawanyika umeupoteza.

Hapo ndipo plazma inapoingia.

Neno lenyewe alilianzisha Irving Langmuir mwaka 1928, lakini kitu chenyewe umekiona. Radi ni plazma. Ile taa ndefu ya mrija kwenye duka la mtaani, ile inayopepesa kabla ya kuwaka, ndani yake kuna plazma. Unachukua gesi, unaipunguza ndani ya chombo kwa pampu mpaka ibaki kidogo, unaipitishia umeme. Elektroni zinang'oka kwenye atomu zake na kuanza kugonga kila kitu, na gesi inang'aa. Joto lake si la kuunguza. Ndiyo maana unaweza kuweka plastiki humo isiyeyuke.

Ukiweka PDMS kwenye plazma ya oksijeni, yafuatayo hutokea. Uti wa mgongo wa PDMS ni atomu za silikoni na oksijeni zikipokezana, na pembeni yake vimening'inia vikundi vidogo vya kaboni na hidrojeni. Hivyo vikundi vya pembeni ndivyo vinavyofukuza maji. Plazma inavipiga vinang'oka, na mahali pake panabaki oksijeni na hidrojeni, zinazopenda maji. Sekunde chache tu zinatosha. Ukitoa kipande na kuweka tone juu yake, tone linalala, pembe inaporomoka mpaka chini ya digrii 10. Na ukibana vipande viwili vilivyopitishwa hivyo, uso kwa uso, vinaungana moja kwa moja bila gundi. Ukijaribu kuvitenganisha plastiki yenyewe inararuka kabla ya kiungo kuachia.

Mabadiliko yote hayo ni ya juu juu, nanomita chache. Unywele wako una unene wa maelfu mengi ya nanomita. Chini ya hapo plastiki ni ile ile, haijui kama kuna lililotokea.

Nilisoma haya kwa siku mbili, nikilala saa tatu tatu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuitarajia. Kila nilipofikiri nimeelewa, kulikuwa na jambo jingine nyuma yake. Kwa mfano, plazma ikizidi inaharibu. Ukiacha kipande humo muda mrefu, uso unakuwa mgumu kama gamba la kioo, unapasuka nyufa ndogo, unakuwa na mikwaruzo. Na kwa mwanga mkwaruzo ni jambo kubwa. Ukubwa wa mikwaruzo mpakani ukiongezeka mara 2, mwanga unaotawanyika huongezeka takriban mara 4. Kwa hiyo unatafuta kipindi kile cha katikati, uso ukiwa umefunguka wa kutosha kushika tabaka jingine, lakini bado ni laini. Sekunde zake hazijaandikwa popote kama mapishi, kwa sababu kila mashine ina nguvu yake ya umeme, gesi yake, ukubwa wa chombo chake. Sekunde 60 za mashine hii zinaweza kuwa sekunde 10 za ile. Lazima upime mwenyewe.

Na jambo la pili, uso haukai hivyo. Ukiuacha hewani, baada ya saa kadhaa au siku chache vikundi vile vinavyofukuza maji vinapanda kutoka ndani na kufunika uso tena. Tone linasimama tena. Ukitaka kuunganisha, unganisha mapema.

Niliposoma hilo nilimpigia binamu yangu. Yeye anafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha plastiki Industrial Area, upande wa kuchapisha karatasi za mkate. Nilitaka kujua kama amewahi kusikia kitu kama hiki. Akacheka.

"Dada, hiyo si korona?"

"Korona gani?"

"Si ile ya ugonjwa, bana. Iko mashine hapa kabla ya kuchapisha. Karatasi inapita chini ya chuma kirefu, kinatoa cheche za zambarau, na harufu kama ya baada ya radi. Bila hiyo, wino unaufuta na kidole. Na roli ikikaa stoo miezi kadhaa, lazima tuipitishe tena, la sivyo wino haushiki."

Harufu ile ni ozoni. Na hicho chuma chake ni ndugu wa plazma yangu, tofauti ni kwamba chenyewe kinafanya kazi kwenye hewa ya kawaida, hakuna pampu. Viwanda vimekuwa vikiitumia korona tangu miaka ya 1950. Karatasi za mkate ni polithini, na polithini ina ukaidi ule ule wa kufukuza maji na wino. Binamu yangu aliacha shule Form Four. Alikuwa ameniambia kwa dakika moja kitu ambacho mimi nilikuwa nimekisoma siku mbili, na yeye alikuwa amekinusa. Mimi sijawahi kuona mashine ya plazma mpaka leo.

Nilimaliza kurasa 14 Alhamisi usiku. Zilikuwa nzuri. Naweza kusema hivyo kwa sababu hazina jina langu. Halafu mteja akatuma faili moja zaidi kupitia kwa bosi.

Lilikuwa jedwali. Upande wa kushoto, muda ndani ya plazma: sekunde 0, 10, 20, 30, 60, 120, 180, 300. Upande wa kulia, safu tatu: pembe ya tone, ukwaruzo wa uso, mwanga uliopotea. Mistari mitatu ya kwanza ilikuwa na namba. Mitano iliyobaki ilikuwa tupu. Mteja aliandika kwamba hakupata muda wa mashine, foleni ilikuwa ndefu, na sasa dedlaini imefika. Akaomba nijaze "kinachoingia akilini", kwa dola 30 zaidi.

Nitasema ukweli, sikufikiri sana. Asubuhi hiyo mama alikuwa amenipigia. Dawa za presha za baba zilikuwa zimebaki za siku mbili. Dola 30, bosi akishakata yake, zingetosha dawa na kubaki nauli.

Tena ilikuwa rahisi, na hilo ndilo lililonitisha baadaye. Nilijua umbo la jambo lenyewe. Pembe inashuka haraka halafu inatulia. Ukwaruzo unapanda polepole halafu kwa kasi. Mwanga unaopotea unashuka kwanza, kwa sababu tabaka zinashikana vizuri, halafu unapanda, kwa sababu ya mikwaruzo. Kwa hiyo kuna mahali pa chini kabisa katikati. Nikapaweka kwenye sekunde 60. Kwa nini 60? Kwa sababu inapendeza kuandika dakika moja. Nikaongeza videsimali vya hapa na pale ili zisionekane zimenyooka sana. Nikachora grafu. Nikaandika kwenye hitimisho kwamba muda unaofaa zaidi kwa mashine ile ni sekunde 60. Saa tisa usiku nikatuma.

Kisha nikalala chali, taa imezimwa, na ile sentensi ikawa inanirudia. Mashine ile. Mashine gani? Nilikuwa nimeandika kuhusu chombo ambacho sijui rangi yake. Mtu mwingine wa maabara ile, mwanafunzi atakayekuja mwakani, ataifungua ile ripoti, ataona dakika moja, ataweka vipande vyake humo dakika moja. Labda itakuwa sawa. Labda uso utapasuka na atakaa wiki tatu akijiuliza amekosea wapi, akidhani ni mikono yake. Hakuna atakayekufa, najua. Ni plastiki. Lakini nilikumbuka maabara yetu ya mwaka wa pili, mashine moja ya kupimia ikigawanywa na watu 40, na jinsi tulivyokuwa tukipanga foleni kuanzia alfajiri ili tupate namba zetu wenyewe, mbovu mbovu hivyo hivyo. Rafiki yangu mmoja alipata jibu lililo mbali kabisa na la kitabu, na mwalimu akampa alama nyingi kuliko sisi kwa sababu alikuwa ameandika ukweli na kueleza hitilafu. Hicho kitu nilikuwa nakipenda kuliko fizikia yenyewe. Kwamba unaweza kukosea na bado ukawa umefanya kazi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilimwandikia bosi. Nikamwambia nataka kuliondoa lile jedwali, nirudishe dola 30. Akajibu saa tatu.

"Mteja ashaituma. Amefurahi sana. Amekupa nyota tano."

Halafu pesa ikaingia. Nikamtumia mama. Baba akapata dawa. Sitajifanya kwamba nilizirudisha.

Wiki mbili baadaye mteja alinitafuta tena, aliniomba mimi hasa, nimwandikie tasnifu nzima. Kurasa 90. Hesabu ni rahisi, piga mwenyewe. Nilimwambia bosi sina nafasi. Akaniona mjinga, na kwa mwezi mzima akawa ananipa oda za kurasa mbili mbili. Bado naandikia watu, nisikudanganye. Kodi ya Githurai haingoji. Lakini majedwali sijazi. Mtu akileta jedwali tupu, namrudishia likiwa tupu.

Jumapili moja baada ya hapo nilinunua mkate. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 karatasi ya mkate ni miongoni mwa plastiki chache zinazoingia nyumbani kwangu, kwa sababu vifungashio vya viwandani viliachwa. Nilikula vipande viwili kwa chai, nikafunga mingine kwenye bakuli, nikaipasua karatasi ikawa bapa. Upande wa nje ndio uliochapishwa, kwa hiyo ndio uliopita chini ya chuma cha zambarau, kama si cha binamu yangu basi cha mwingine. Upande wa ndani haukupita.

Nilikuwa na sindano ya duka la dawa, haijatumika. Nikabandika karatasi juu ya kitabu kwa selotepu, nikaosha mahali pasipo na wino, nikaacha pakauke. Tone moja upande wa ndani. Nikawasha tochi nyuma yake, nikapiga picha kwa simu kutoka usawa wa meza, nikaikuza kwenye laptopu na kuipima kwa kipimapembe nilichonunua na seti ya hesabu, ile ya watoto wa shule. Digrii 97. Tone jingine: 93. La tatu likaniteleza. La nne: 101.

Nikageuza karatasi. Upande wa nje tone lililala zaidi, unaona kwa macho hata bila kipimo. Digrii 71. Kisha 64. Kisha 78. Nikafuta, nikarudia mahali pengine: 69. Pengine karibu na mkunjo: 85, sijui kwa nini. Labda mikono ya muuzaji, labda mafuta ya mkate, labda korona ilikuwa imeanza kuchoka baada ya wiki za stoo na rafu. Labda mkono wangu ulitetemeka. Niliandika zote kwenye daftari, pamoja na ile 85, pamoja na lile lililoteleza, tarehe na saa juu yake. Hazikukaa kwenye mstari. Ukizichora zinaonekana kama mbuzi walioachiwa uwanjani. Lakini pande mbili zinatofautiana, hilo halina ubishi, na nililiona mwenyewe.

Sasa nina karatasi saba za mikate, kila moja na tarehe. Nazipima kila Jumapili nione kama upande wa nje utarudi kufanana na wa ndani, na baada ya muda gani. Si utafiti wa kumshangaza mtu. Kipimapembe ni cha shilingi 50.

Mama alinipigia wiki jana nikiwa katikati ya kupima. Nikamweka kwenye spika. Nikamwamkia, nikamuulizia baba, akasema ameweza kushika kikombe kwa mkono wa kulia, chai ilimwagika kidogo lakini alikishika. Kisha akauliza nafanya nini mbona nimenyamaza. Nikamwambia napima matone ya maji juu ya karatasi ya mkate.

"Wapima nini?"

Nikamweleza, kwa ufupi. Uso unaoshika na uso usioshika. Baba alikuwa anasikiliza kwa nyuma, nikasikia anauliza kitu kwa ile sauti yake ya siku hizi, ya kuburuta. Mama akamrudia kwa sauti: "Anasema, ndio ile ya mwanga?"

"Mwambie ndio, baba. Ndio hiyo hiyo."

Kimya kidogo. Halafu mama, ambaye ndiye anayejua bei ya vitu: "Na hiyo nayo, mwanangu, yakulipa ngapi?"

"Bado haijalipa, mama."

"Haya. Maliza kupima basi, halafu ule."

Nikarudi kwenye tone. Lilikuwa limeanza kukauka kingo, ikabidi niweke jingine.